Mwanamke wa Tabora Aliyemfundisha Mume Wangu Kijerumani

Kila Jumamosi akitoka kazini, mume wangu alinawa miguu uani kabla ya kuingia ndani. Alikaa juu ya kigoda, beseni mbele yake, suruali ameikunja hadi magotini, na mimi nikiwa jikoni nasonga bukari, ule ugali wetu. Jumamosi moja nikamsikia akisema maneno polepole, kama mtu anayesali rozari: "Der Mann, des Mannes, dem Manne, den Mann." Akajimwagia maji mguu mmoja, akaanza tena.

Nililelewa na masista, na Kilatini nilikisikia kila Jumapili. Hiki hakikuwa Kilatini. Kilikuwa kama mtu anayeguguna mfupa.

"Ile maombi iko ya nani?" nikamwuliza kutoka mlangoni.

"Haiko maombi. Iko Kijerumani."

"Kijerumani? Juu ya nini?"

Akaniambia. Alikuwa mfanyakazi katika duka la saa mjini Élisabethville, huku Kongo, duka la mzungu wa Uswisi ambaye aliongea Kifaransa na wateja na Kijerumani na mke wake. Kazi ya mume wangu ilikuwa kufungua duka, kufagia, kutia funguo katika saa za ukutani na kusafisha vyuma vidogo kwa mafuta. Sasa fundi wa saa kubwa, zile za ukutani na za makanisa, alikuwa amerudi kwao Ulaya, na vitabu vyote vya saa hizo viliandikwa Kijerumani. Bwana wa duka alimwambia mume wangu: mimi nitakwenda likizo, na sitaki saa za watu zilale hapa hadi nirudi. Ukiweza kunisomea kurasa hizi, na kunionyesha kwa mikono yako kile zinachosema, meza ile ni yako.

Niliposikia hayo nilifurahi. Mume wangu alikuwa mtu wa Kasai, alisoma kwa mapadri, na baba yangu, aliyeshuka kutoka kaskazini upande wa Kongolo kufanya kazi ya reli, alikubali kwa shida kumpa binti yake mtu wa kabila lingine. Kilichomlainisha baba ni kwamba kijana alijua kalamu. Nikaona sasa kalamu itazaa kitu.

"Na mwalimu yako iko nani? Ule muzungu mwenyewe?"

Akakausha mguu wa kushoto, akakausha wa kulia.

"Kuko mama mumoja kule mu mutaa ya Kenya. Mama wa Tabora."

"Mama wa miaka ngapi?"

"Miye sijue miaka yake. Iko mama tu."

Mama tu! Katika mitaa yetu neno hilo lilimfaa kila mwanamke, kuanzia bibi kizee hadi msichana mwenye mtoto mgongoni. Halikunituliza hata kidogo. Tulikuwa katika mwaka wa pili wa ndoa, na tumbo langu lilikuwa bado bapa, na wanawake wa majirani walikuwa wamekwisha kuanza kuniuliza habari kwa macho. Mwanamke aliye katika hali ile hahitaji kuambiwa mengi.

Jumamosi iliyofuata nikafunga kitambaa kichwani, nikashika kikapu, nikajisemea kwamba naenda kutafuta samaki wa Kasenga. Samaki walikuwa wanauzwa karibu na kwetu, mtaa wa Albert, lakini miguu yangu ilinipeleka Kenya. Nikauliza mwanamke wa Tabora anakaa wapi, na watoto wawili wakanionyesha kabla sijamaliza swali. Hilo nalo liliniudhi, kwamba anajulikana namna ile.

Nyumba yake ilikuwa na ua wa matete, na matete yalikuwa yamepishana vibaya upande wa barabara. Nikasimama pale kama mtu anayetoa mchanga katika kiatu.

Mume wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, ubao wa kuandikia juu ya magoti. Mbele yake alikaa mwanamke mrefu, mwenye miaka thelathini na kitu, amejifunga nguo mbili za urembo mmoja, moja kiunoni na moja mabegani, macho yametiwa wanja. Kulikuwa na birika ya kahawa katikati yao, na harufu ya tangawizi ilinifikia nilipokuwa. Nilijitazama: gauni la shule ya ushonaji, na vumbi hadi vifundoni.

"Den," mume wangu akasema.

"Hapana, bwana. Hapo unasema unampa mtu kitu. Mpewaji. Dem. Funga midomo."

"Den."

"Ulimi wako unakwenda kwenye meno. Uache ulale. Funga midomo, hivi." Na akanyoosha mkono, akambana mume wangu midomo kwa vidole viwili, kama unavyombana mtoto aliyekataa dawa. "Dem."

"Dem," mume wangu akasema ndani ya vidole vyake, kisha wote wawili wakacheka.

Sikununua samaki. Nilirudi nyumbani na kikapu kitupu, na sombe, yaani kisamvu, niliyokuwa nimeiacha motoni ikawa imeungua chini. Niliiweka mezani vilevile. Mume wangu akala vijiko viwili, akanitazama.

"Chakula iko na nini leo?"

"Uliza mwalimu yako. Yeye njo anajua mambo ya midomo."

Akaacha kijiko. Alikuwa mtu mpole, hasira yake ilikuwa kunyamaza tu, na nilichukia zaidi aliponyamaza. Mwishowe akasema, "Ulikuja kule."

"Nilipita."

"Ile iko lesoni tu, masomo. Mu Kijerumani, kama hufunge midomo, unasema kintu ingine kabisa."

"Na mu Kiswahili?" nikamwuliza. "Mu Kiswahili, kama mwanamuke anashika bwana ya mwenzake ku midomo, tunasema nini?"

Alilala amenigeuzia mgongo, na mimi nikalala macho wazi nikifikiri jinsi ya kumtukana yule mwanamke ili asisahau. Nilipanga maneno yangu juma zima. Nilipofua, niliyapanga. Niliposhona, niliyapanga. Nilikuwa na matusi ya Kiluba ya mama yangu na matusi ya Kibemba niliyojifunza kwa watoto wa jirani, na nilikusudia kuanza na ya Kiswahili ili aelewe, kisha niendelee na hayo mengine ili mtaa uelewe.

Jumamosi ilipofika nilimwacha mume wangu atangulie, nikafuata. Safari hii sikusimama nje. Nilisukuma mlango wa matete, nikaingia uani na kifua kimejaa. Mume wangu alinyanyuka nusu, ubao ukaanguka.

Yule mwanamke hakunyanyuka. Alinitazama usoni, kisha akasema, kwa ile lugha yake laini kama siagi, "Karibu, mdogo wangu. Nilidhani ungekuja siku ile ile. Kumbe uliishia kwenye matete." Akamgeukia mume wangu. "Bwana, mletee mkeo kile kigoda. Na wewe, mdogo wangu, kaa hapa kati yetu, usikilize. Ukisikia neno moja lisilo la heshima, mchukue mumeo uende naye, na mimi sitauliza."

Matusi yangu yote yakanikwama. Kwanza ni ile "mdogo wangu". Sikuwa na dada mkubwa, na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniita hivyo. Pili ni Kiswahili chake chenyewe. Sisi husema muntu, mutoto, iko muzuri. Yeye alisema mtu, mtoto, ni mzuri, na kila neno lilikubaliana na mwenzake kama watu waliovaa sare. Nilimwonea wivu hata katika lugha yangu mwenyewe. Nikakaa kwenye kigoda, kati yao, magoti yangu yakimgusa mume wangu ili akumbuke nipo.

Ndivyo nilivyoanza kusikiliza Kijerumani: kama mlinzi.

Baadaye alinieleza alikokipata. Alikuwa yatima, akalelewa katika misheni ya Wajerumani karibu na Tabora, akifanya kazi ndani ya nyumba ya mwalimu wao. Mke wa mwalimu alikuwa mtu wa upweke, akamfundisha kusoma ili apate wa kuzungumza naye. Vita ya kwanza ikaja, askari wa Kongo wakaingia Tabora, na mmoja wao, sajini, akamwoa, akamleta mpaka huku Élisabethville. Sajini alikufa kwa kifua miaka mingi kabla sisi hatujamjua mjane wake. Alikuwa akiishi kwa kushona na kuuza maandazi, na Kijerumani kilikaa ndani yake bila kazi, mpaka siku mume wangu alipokwenda kununua maandazi akamsikia akihesabu chenji kwa lugha ya bwana wake wa duka.

Siku ile ya kwanza alifundisha kitu ambacho sikukisahau. Alichora ardhini kwa kijiti mtu na mbwa.

"Kwetu," akasema, "tukisema mbwa amemuuma mtu, tunajua nani kaumwa kwa sababu mbwa ametangulia na mtu yuko nyuma. Tukibadilisha mahali, mambo yanageuka. Mjerumani hajali mahali. Anaweza kumtanguliza mtu mbele ya mbwa, na bado mtu huyo ndiye aliyeumwa. Den Mann beißt der Hund. Umeona? Mtu yuko mbele, lakini amevaa den, basi ndiye aliyetendwa. Mbwa yuko nyuma, lakini amevaa der. Mwenye der ndiye mwenye meno."

Mume wangu alitazama mchoro, uso umekunjamana. Mimi nilikuwa nimekula kiapo moyoni kwamba sitafungua kinywa mle ndani. Nikakifungua.

"Na mwanamuke? Mwanamuke yeye anavaa nini?"

Mwanamke wa Tabora akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Mwanamke ni die akitenda, na ni die akitendwa. Akiwa mpewaji au mwenye mali, hapo hugeuka kidogo. Lakini ukimwona, au akikuona, hutaona tofauti yoyote kwake. Mwanamume ndiye anayejulikana mara moja."

"Kumbe," nikasema. "Basi, die Frau... anamuona ule bwana. Inasemwa namna gani?"

"Sieht. Die Frau sieht..."

"Die Frau sieht den Mann," nikasema, na nikamgeukia mume wangu kabisa, macho kwa macho. "Mwanamuke anamuona bwana. Anamuona muzuri sana. Kila Jumamosi."

Yule mwanamke alicheka mpaka kitambaa chake kikamwanguka begani. Mume wangu hakucheka. Tuliporudi nyumbani alitembea hatua mbili mbele yangu, na tulipovuka reli akasema bila kugeuka, "Jumamosi ingine ubaki nyumba. Kijerumani iko ya kazi yangu."

"Nitabaki kama na weye unabaki," nikamjibu.

Nilikwenda. Nilikwenda kila Jumamosi, na sitasema nilikwenda kwa kupenda masomo. Nilikwenda kuhesabu mara ngapi vidole vyake vinamgusa mume wangu. Lakini mtu hawezi kukaa kwenye kigoda mwezi baada ya mwezi na masikio yake yasichukue kitu. Nilijifunza kwamba baadhi ya majina ya kiume huitwa dhaifu, kwa sababu yanachukua n mkiani kila mahali isipokuwa pale yanapotenda yenyewe. Jirani ni mmoja wao: der Nachbar, lakini ukimwona, den Nachbarn. Niliposikia hivyo nilisema, "Wanaume dhaifu? Huku Albert tuko nabo wengi," na mwanamke wa Tabora akarudia maneno yangu kwa matamshi yangu, tuko nabo, tuko nabo, kwa furaha, kama mtu anayeonja embe jipya. Nilitaka kukasirika nikashindwa.

Mume wangu alijua kusema mafungu yote manne, der, des, dem, den, bila kukosea akiwa anaosha miguu. Kilichomshinda ni kutumia. Katika kurasa za saa kila kitu kinawekwa juu ya kitu, au kimekaa juu ya kitu, na hapo ndipo alipopotea. Mshale wa saa ni wa kiume, pini ni ya kiume, na kitabu mara kinasema auf den Stift, mara auf dem Stift, na yeye akaona ni makosa ya mpiga chapa. Mwanamke wa Tabora alimweleza mara nyingi. Alieleza kwa subira, na subira yake iliniuma kuliko vidole, maana mimi sikuwa nayo.

Jioni moja nyumbani alitupa ubao chini. "Nitamwambia bwana wa duka achukue muntu mwingine."

Nilikuwa nimeshika kifuniko cha sufuria. Siku ile ile, mwanamke wa Tabora alikuwa ametaja kwamba sufuria na kifuniko vyote ni vya kiume kwa Mjerumani: der Topf, der Deckel. Sijui ni kitu gani kilinifungua akili. Labda ni kwa kuwa kifuniko kilikuwa mkononi mwangu na si kwenye ubao.

"Angalia," nikamwambia. "Kifuniko iko wapi?"

"Ku mukono yako."

Nikakishusha polepole kuelekea sufuria. "Sasa inakwenda. Inakwenda, inakwenda, haiyafika. Den. Ich lege den Deckel auf den Topf." Nikakiweka. "Sasa imefika. Imekaa. Haitembee tena. Auf dem Topf. Na angalia midomo yangu: dem. Imefunga, sawa kifuniko."

Akachukua kifuniko mkononi mwangu, akakiinua, akakishusha. Den. Akakiacha. Dem. Akafanya hivyo mpaka mvuke wote ukatoka na bukari ikapoa, na sikumwambia aache. Tulikula chakula baridi tukiwekeana vitu: kijiko ndani ya bakuli, kigoda karibu na ukuta, mkono wake juu ya mguu wangu. Kwa muda mrefu sikuwa nimemwona mume wangu akinitazama namna ile, na nikajiuliza, kwa uchungu kidogo, kama ananitazama mimi au Kijerumani.

Bwana wa duka alimpima siku ya Jumatatu. Mume wangu alirudi saa sita, wakati usio wake, anakimbia, mimi nikadhani amefukuzwa. Alisimama mlangoni akihema. "Alinipa kurasa mbili. Nilisoma. Nilifungua saa ya kanisa, nikaweka mushale ku pini vile kitabu inasema. Akaniuliza nani alikufundisha tofauti ya den na dem, hata binamu yangu wa Geneva hajue."

"Ukasema nini?"

"Nikasema bibi yangu, weye, alinifundisha na sufuria. Akacheka. Hakuamini."

Akapata meza. Na hapo ndipo wivu wangu, ambao ulikuwa umeanza kulala, ukaamshwa kwa kitu kimoja kidogo chenye kelele.

Nilikuwa sasa naenda kwa mwanamke wa Tabora peke yangu, siku za kati ya juma, kushona naye. Siku moja nikaingia nikakuta juu ya meza yake saa ya kengele, ya bati, imepakwa rangi mpya ya kijani. Inagonga. Niliijua kazi ile. Niliijua rangi ile, maana ilikuwa bado chini ya kucha za mume wangu.

"Imetoka wapi?"

"Mumeo ameniletea jana. Ilikuwa mbovu imetupwa, akaitengeneza. Amesema ni shukrani."

Nikakaa chini. Nyumbani kwetu hapakuwa na saa. Mke wa fundi wa saa, nami nilijua wakati kwa king'ora cha kiwanda cha shaba, kama kila mtu mwingine. Nilihisi machozi yanakuja, na sikutaka ayaone, basi nikasema kwa ukali, "Mama, kama unataka bwana yangu, unisemee wazi. Usinipe kahawa."

Aliweka sindano yake chini. Sikuwa nimewahi kumwona amekasirika, na hata wakati huo hakupaza sauti.

"Mdogo wangu, nimefundisha, nimelipwa. Saa hii sitairudisha, kwa sababu tangu sajini afe hakuna mtu aliyeniletea kitu ndani ya nyumba hii bila kutaka kitu kwangu. Lakini nikwambie jambo. Siku ile uliposimama kwenye matete, nilikuona kitambo kabla sijamshika mumeo midomo. Nilimshika makusudi."

Nilimkodolea macho.

"Nilikuonea wivu," akasema. "Nilimwona msichana ana mume wa kumfuata, anatembea kwenye jua kutoka Albert mpaka hapa kwa hasira. Nikasema, mwache aungue kidogo. Kisha uliingia, ukakaa kwenye kile kigoda kati yetu kama jiwe, nikakupenda. Basi. Ukitaka kutukana, tukana sasa, nina nafasi mpaka jioni."

Sikutukana. Nililia, na yeye akaendelea kushona, na saa ikaendelea kugonga kati yetu. Jioni nilimwambia mume wangu kwamba nimeiona saa. Alishangaa kwa kweli. Hakuwa ameificha; hakuwa amefikiri tu. Juma lililofuata alinitengenezea yangu, kubwa kuliko ile, na iligonga kwa kishindo hivi kwamba jirani alikuja kulalamika. Niliitia funguo kila asubuhi mwenyewe.

Ningependa kusema kwamba wivu uliisha hapo. Ulibadilisha nyumba tu. Sasa mume wangu ndiye aliyeanza kuuliza: munacheka nini kule? Munasema nini juu yangu? Akirudi akitukuta uani kwetu tukiongea Kijerumani chetu kilichovunjika, tukipeana maneno kama wanawake wanaopeana chumvi, alikaa pembeni na uso wa mgeni. Mara moja akamwambia yule mama kwa heshima, "Mama, mimi njo nilikuwa mwanafunzi yenu wa kwanza." Akajibiwa, "Ndiyo, bwana. Na wewe umemaliza."

Kisha akaja msichana. Binti wa watu wa Kasai waliokuwa wakiuza vitambaa sokoni, ana miaka kumi na sita, kichwa chepesi, anasoma Kifaransa vizuri kuliko sisi sote. Mama yake alitaka ajifunze kushona. Siku moja nikaingia nikakuta ameketi juu ya kigoda, kigoda changu, na mwanamke wa Tabora anamchorea mtu na mbwa ardhini.

"Njoo, mdogo wangu," akaniambia. Na kisha, akimgeukia yule msichana, kwa sauti ile ile: "Na wewe, mdogo wangu, sema tena."

Nilisimama pale nikahisi kitu ambacho sikukihisi hata siku ya vidole. Mume nilijua ni wangu kwa kanisa na kwa mahari. Nilikuwa na mahali pa kusimama nimpiganie. Huyu mama sikuwa na haki yoyote juu yake. Yule msichana alisema mafungu manne bila kukosea, mara ya kwanza, kwa sauti safi. Nilimchukia. Nilikaa juu ya mkeka, nikashona vibaya, nikajichoma kidole. Nilipoondoka mwanamke wa Tabora alinisindikiza hadi barabarani.

"Una wivu," akasema, anatabasamu.

"Kidogo."

"Yule anashika upesi. Atasahau upesi. Wewe ulishika kwa sababu uliogopa. Hutasahau."

Sikujua kama ni sifa. Nilirudi nyumbani nayo nikiigeuzageuza.

Vita ya pili ilipoanza Ulaya, Kijerumani kilikuwa kitu cha kuogopesha mjini. Bwana wa duka na mkewe waliacha kukisema hata wakiwa peke yao. Mume wangu aliambiwa avifunike vitabu kwa karatasi ya rangi, na akaendelea na kazi yake. Mwanamke wa Tabora aliitwa kuulizwa maswali, akarudi jioni ile ile amechoka, akasema walitaka kujua mjane wa sajini wa Kongo anapata wapi maneno ya adui. "Niliwaambia nimeyapata jikoni," akasema. Lakini mtaa ulianza kumnong'ona, na wateja wa maandazi wakapungua. Mwishoni akaamua kurudi kwao: treni hadi Bukama, meli ya mto hadi Kabalo, treni tena hadi ziwani, kisha ng'ambo. Hakuwa na uhakika kama kuna ndugu hata mmoja aliyebaki hai.

Tulimpeleka stesheni, mume wangu amebeba sanduku, mimi nimebeba mimba ya miezi mitano. Yule msichana alikuja pia, akalia kwa sauti kubwa kuliko yangu, na niliona hilo. Mwanamke wa Tabora alinishika tumbo kwa mikono miwili, akapanda.

Barua haikuja. Nilijifungua mtoto wa kike. Nyumba yake ya Kenya ikapangishwa kwa familia ya mfua bati.

Miaka ilipopita, mume wangu akiwa amekwisha kuwa na mvi na meza yake dukani ikiwa na vijana wawili chini yake, aliniuliza swali tukiwa tumekaa uani. Alikuwa akinawa miguu.

"Zamani ile, ulikuwa na wivu juu yangu ao juu ya ule mama?"

Nikafikiri kwa ukweli. "Kwanza juu yako. Kisha juu yake."

"Na ule binti?"

"Ule nilitaka kumupiga."

Akacheka hata maji yakamwagika katika beseni. Kisha akasema, "Miye nilikuwa na wivu juu yenu wawili, na hamukuniuliza hata siku moja."

"Ulisema Kijerumani iko ya kazi yako," nikamwambia, nikampa taulo.